Foleni ya Mjomba

Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Wengi wakiisikia methali hii hudhani inamsema mzazi mzembe, yule anayekwenda kumchukua mtoto shuleni wakati walinzi wameshafunga geti. Lakini kuna wakati mzazi huwahi, akafika mlangoni kabla ya watu wote, kisha akacheleweshwa na mtu anayempenda, tena mtu anayeamini kwamba anatenda haki. Hadithi hii inamhusu mtu wa namna hiyo. Hakuwa mwovu hata kidogo, na laiti angekuwa mwovu, pengine dada yake angejua mapema asimtegemee.

Mtu huyo alikuwa msimamizi wa masjala kuu ya serikali, chumba kirefu kilichokuwa chini ya jengo, ambamo majalada ya watu yalipangwa kwenye rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini. Waliozaliwa, waliooana, waliofungwa na waliolelewa na serikali, wote walikuwa humo, wamefungwa kwa kamba na kuandikwa namba mgongoni. Wafanyakazi wenzake walimbandika jina la Mzee wa Foleni, naye hakulichukia. Alikuwa na imani moja tu kazini: kila mtu na zamu yake. Mkubwa akipiga simu kuomba apendelewe, alijibiwa kwa heshima kwamba zamu yake itafika. Ilisemekana hata siku ya harusi yake alisimama mwisho wa foleni ya chakula, akaambulia ukoko, na bibi harusi akanuna mpaka asubuhi.

Msimamo huo haukuzuka hivi hivi. Msimamizi aliyemtangulia alifukuzwa kazi kwa kuwatolea ndugu zake majalada kabla ya wengine. Mzee wa Foleni, ambaye wakati huo alikuwa karani kijana, ndiye aliyembebea sanduku la vitu vyake hadi getini, akamshuhudia mtu mzima mwenye mvi akilia mbele ya walinzi. Tangu siku hiyo alijiapiza kwamba ndugu yake hatapata kwake hata chembe ya upendeleo. Kiapo hicho aliking'ang'ania kama kupe.

Na ndugu aliyekuwa naye ni mmoja tu, dada yake mdogo, mshonaji wa sare za shule.

Dada huyo alijifungua mtoto wa kike muda mfupi baada ya kufiwa na mumewe. Mtoto hajaanza hata kutambaa, mama akaanza kukohoa damu. Kifua kikuu kilimlaza katika hospitali ya mbali kwa muda mrefu, hata majirani wakamkatia tamaa. Kaka yake wakati huo alikuwa akiishi chumba kimoja cha kupanga. Ofisa wa ustawi wa jamii alipomuuliza kama atamchukua mpwa wake, alijibu, "Mpelekeni makao ya watoto kwanza. Nikipata nyumba ya kutosha nitamfuata." Nyumba ya kutosha ikachelewa. Alipoipata, makao yale yalikuwa yameshafungwa, watoto wamegawiwa walezi, na majalada yao yameletwa masjala chini ya amri kwamba asiyafungue mtu. Dada akapona, akarudi mwembamba kama uzi wa cherehani yake, na kuambiwa kwamba mwanawe yu salama ila hakuna ruhusa ya kusema yuko wapi.

Miaka ikapita, naye akawa anashona. Kwa kuwa kila msimu alipima watoto wa shule, alijifanyia hesabu ya kimo cha mwanawe kwa kuwatazama wa rika lake. "Sasa hivi sketi yake lazima ifike hapa," angesema ghafla, mkasi mkononi, huku akigusa chini ya goti lake mwenyewe. Kaka yake angeinamisha macho kwenye kikombe cha chai na kujifanya hakusikia.

Ndipo serikali ikatoa waraka mpya. Wazazi waliotenganishwa na watoto wao kupitia makao wakaruhusiwa kuomba majalada ya watoto hao. Waraka ulikuwa na kifungu kimoja kizito: kama mtoto hajatimiza miaka kumi na minane, ombi liingie trei nyekundu, yaani trei ya maombi ya haraka, pamoja na barua za mahakama. Sababu ilielezwa waziwazi. Mtoto akishatimiza umri huo na kuandikishwa mahakamani kuwa mtoto wa aliyemlea, mzazi aliyemzaa hana tena la kudai. Maombi mengine yote yalipaswa kuingia trei ya buluu na kungoja zamu.

Asubuhi ya kwanza ya waraka huo, mshonaji alikuwa mtu wa kwanza dirishani. Binti wa kaunta, karani mchanga mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi zaidi, aliisoma fomu yake na uso ukamchangamka.

"Mama, hili ni la haraka," alisema. "Binti yako amebakiza miezi tu kufika kumi na minane. Nalitia trei nyekundu. Haitapita wiki utaitwa."

Mshonaji alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu. Alishukuru, akashukuru tena, akasahau mwavuli wake na kurudi kuuchukua, akashukuru kwa mara nyingine. Mzee wa Foleni alikuwa nyuma ya mlango akisikia kila neno. Alisubiri mpaka dada yake apotee ngazini, kisha akaja, akaitoa fomu kwenye trei nyekundu na kuiingiza chini kabisa ya trei ya buluu.

"Mzee, vipi tena?" binti wa kaunta aliuliza.

"Huyo ni dada yangu, tumbo moja."

"Ndiyo maana nauliza. Vipi tena?"

"Watu wakisikia ombi la kwanza kushughulikiwa ni la ndugu yangu, watasema nini? Sheria ni msumeno, binti. Hukata mbele na nyuma."

"Lakini msumeno wako huu mbona unakata upande wa dada yako tu? Angekuwa mtu baki ungeliacha pale pale nilipoliweka."

"Foleni imefika mlangoni," alisema Mzee wa Foleni. "Wahudumie watu."

Binti aliguna, akawahudumia watu.

Kusema kweli, Mzee wa Foleni hakuwa na roho ya jiwe. Alipokuja mstaafu akitetemeka, akitafuta jalada lake la kazi ili apate kiinua mgongo chake, alimwonea huruma na kulisogeza ombi lake mbele. Alipokuja kijana aliyetaka kujua kaburi la baba yake liko wapi, alimsogeza naye. Lakini kila aliposogeza mtu mbele alihisi lazima mwingine arudishwe nyuma, ili mizani ikae sawa. Aliyerudishwa alikuwa dada yake kila mara. Kumrudisha mgeni angeona haya, ila dada ni wa nyumbani, na wa nyumbani hujua kuvumilia. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na usiku alilala usingizi wa mtu mwenye dhamiri safi.

Jumapili moja, dada alikuja kumsalimia kama ilivyokuwa kawaida yake. Alimletea shati alilolirekebisha kola, akaketi, akangoja mpaka chai imiminwe.

"Kaka, lile jambo langu?"

"Liko njiani."

"Njia gani hiyo, kaka? Hata kobe angekuwa ameshafika, akapumzika, na kuoa."

Wakacheka wote wawili. Kaka alicheka zaidi, kama mtu anayetafuta mahali pa kujificha.

"Vuta subira, mdogo wangu. Subira huvuta heri."

"Yule binti wa dirishani aliniambia wiki moja."

"Vijana huahidi wasichokijua."

Dada aliacha kucheka. Alilikunjua shati lile, akalikunja upya vizuri zaidi. "Siku yake ya kuzaliwa inakaribia," alisema. "Sina kisomo kama wewe, lakini kile kifungu nilisomewa nikakielewa. Hebu mwambie huyo mkubwa wenu aniambie japo mji tu. Nitakwenda mwenyewe, nigonge nyumba moja baada ya nyingine."

"Nitamwambia," kaka alijibu, na chai ikamgeukia kuwa shubiri mdomoni. Hapakuwa na mkubwa mwingine wa kuambiwa, na yeye alilijua hilo. Wiki ile alikaribia kabisa kuitoa fomu chini ya trei ya buluu. Aliishika, akaitazama hati ya dada yake iliyoinama kama mtu anayepanda mlima, akakumbuka sanduku, geti, na mtu mzima aliyelia mbele ya walinzi. Akairudisha. Alijiambia kwamba siku si nyingi zamu itafika yenyewe.

Kabla zamu haijafika, iliingia barua ya mahakama. Barua za aina hiyo hazikutaja jina la mtu, kwa kulinda siri. Zilitaja namba ya jalada peke yake. Swali lilikuwa moja: je, yupo mzazi au ndugu yeyote aliyeomba jalada hili? Mzee wa Foleni alipanda ngazi, akalishusha jalada, akalipangusa vumbi kwa kiganja. Utaratibu wa masjala ulikuwa kwamba ombi likishughulikiwa, kijikaratasi hubandikwa juu ya jalada. Ombi ambalo bado liko kwenye trei halikuwa limefungamanishwa na jalada lolote, maana waombaji hujua majina lakini hawajui namba, na jina hutafutiwa namba zamu yake ikifika. Mzee akatazama juu ya jalada. Hapakuwa na kijikaratasi. Kamba hakuigusa, kwa kuwa alijisifu miaka yote kwamba hajawahi kuchungulia siri ya mtu. Akaandika jibu kwa hati yake nzuri: Hakuna aliyeomba. Akatia sahihi, akagonga mhuri, akaenda kunywa chai.

Zamu ya dada yake ilifika asubuhi ya mvua, wakati siku ya kuzaliwa ya mpwa wake ilikuwa imeshapita. Alikuwa na furaha siku hiyo. Alijiona ameshinda mtihani mgumu, ametenda haki mpaka mwisho, na sasa angeweza kumpelekea dada yake habari njema bila deni kwa mtu yeyote. Alitafuta jina la mtoto katika daftari la makao, akaipata namba, akapanda ngazi. Akashangaa kidogo kuona jalada lile halina vumbi. Kisha akaiona nakala ya jibu lake mwenyewe imebanwa juu yake, hati yake, sahihi yake, mhuri wake.

Alishuka ngazi akiwa amelikumbatia. Kwa mara ya kwanza aliifungua kamba, sasa akiwa na haki ya kuifungua, na karatasi ya juu kabisa ilikuwa nakala ya uamuzi wa mahakama. Binti ametimiza miaka kumi na minane. Kwa hiari yake amekubali kuandikwa mtoto halali wa mwanamke aliyemlea, aliyekuwa mpishi wa makao. Hakuna mzazi wala ndugu aliyejitokeza.

Binti wa kaunta alimkuta ameketi sakafuni chini ya ngazi.

"Mzee! Umeanguka?"

"Nimeanguka," alijibu, ingawa hakuteleza hata kipandio kimoja.

Siku hiyo hiyo alimpelekea dada yake jina la mji na la mtaa. Alikusudia kumwambia na yale mengine, lakini dada alipiga kigelegele, akaacha cherehani na sketi ya mtu ikiwa nusu, akakimbilia kuoga. Walisafiri asubuhi iliyofuata. Dada alivaa gauni lake la heshima, lakini kwa pupa alisahau kuvua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni. Kaka aliuona njia nzima na hakuwa na moyo wa kumwambia.

Mpishi alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono iliyozoea masufuria makubwa. Aliwakaribisha sebuleni bila kuwajua. Binti akatoka ndani na maji ya kunywa, akawasalimia shikamoo kwa adabu, na mpishi akautazama uso wa binti, akautazama wa mgeni, kisha akaketi polepole.

"Wewe ndiye uliyemzaa," alisema. Hakuwa akiuliza.

Mshonaji alitikisa kichwa kukubali. Akamtazama binti kuanzia unyayo hadi utosi.

Binti aliweka trei ya maji mezani. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Nilikungoja," alisema. "Waraka ulipotoka nilimwambia mama, tusiende mahakamani bado. Kama yupo hai, ataniulizia. Tukangoja mpaka siku yangu ya kuzaliwa ikawa mlangoni. Mahakama ikawauliza watu wa masjala, wakajibu hakuna aliyeomba. Nililia sana. Kisha nikajiambia, basi. Aliyenilea ndiye mama yangu. Nikatia sahihi."

"Niliomba!" Mshonaji alisimama. "Nilikuwa mtu wa kwanza dirishani, kabla jua halijapanda! Kaka, mwambie! Wewe si ulikuwepo?"

Mzee wa Foleni alivua kofia yake, akaishika mapajani. Akaanza kusema, na alipoanza hakuficha kitu: trei nyekundu, trei ya buluu, waliosogezwa mbele, barua ya mahakama, na jibu aliloliandika kwa mkono wake huku ombi la dada yake likiwa hatua chache kutoka pale alipokaa.

"Nilitaka asiwepo mtu wa kusema kwamba nimekupendelea," alimalizia.

Dada yake alimgeukia. Watu wengine wangepiga kelele. Yeye alizungumza polepole, kama mtu anayesoma herufi ndogo.

"Kumbe ningekuwa mtu baki, ungenihudumia."

Hakumwambia kaka yake neno jingine siku hiyo.

Mpishi, ambaye hakuwa na kosa lolote, ndiye aliyeomba radhi. Alisema mlango wake hautafungwa, mgeni aje apendapo, damu haipotei. Aliyasema kwa wema wa kweli, na kila neno lilimkumbusha mshonaji kwamba sasa anahitaji kukaribishwa. Binti naye alitafuta la kusema ili kupunguza uzito wa chumba, macho yake yakatua kwenye utepe.

"Kumbe wewe ni fundi?"

"Nashona sare za shule."

"Mimi mama alikuwa akininunulia dukani. Zilikuwa zinanibana huku," alisema binti, akigusa mabega na kutabasamu kidogo.

Mshonaji aliinua mkono, akaushusha kabla haujamfikia. "Mabega nilikuwa nimeyakadiria membamba zaidi," alisema. "Ningekosea."

Walipoaga, binti aliwasindikiza hadi barabarani. Walisimama bila kujua waagane vipi. Mkono wa binti ulinyoshwa, wa mshonaji ukaupokea, akaushika muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Mara sauti ya mpishi ikasikika kutoka ndani: "Mwanangu! Umechukua ufunguo?"

"Abee, mama! Ninao!"

Mshonaji alikuwa ameshafumbua kinywa kuitikia neno lile, mama. Akakifumba. Binti aliona, akababaika, akatafuta jina la kumwita mwanamke huyu aliyemzaa, akalikosa.

"Safari njema, fundi," alisema mwishowe, kwa upole kabisa.

Katika safari ya kurudi dada hakukaa karibu na kaka yake. Alichagua kiti cha mbele, na Mzee wa Foleni alitazama kisogo chake na utepe ule mpaka walipofika. Alijuta kwa majuto yasiyo na pa kupelekwa. Angeweza kuacha kazi, angeweza kuandika barua ya kukiri kosa, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingerudisha nyuma siku ya kuzaliwa ya mtu.

Asubuhi iliyofuata aliketi mbele ya trei zake mbili. Foleni dirishani ilikuwa imefika ngazini. Binti wa kaunta alimuuliza aanze na nani, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mzee wa Foleni hakujua zamu ni ya nani. Zamu ya kila mtu aliitunza, isipokuwa ya mtoto aliyekuwa akimngojea, kwanza makaoni na kisha mahakamani. Wahenga hawakumwonea waliposema: chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.